Rudi Ukiwa Bado na Nauli

Mwezi wa kwanza baada ya kurudi kijijini, mzee mmoja wa rika la marehemu babu yangu alinisimamisha njiani. Nilimpa shikamoo akaipokea, akaongeza kamwene yetu ya Kibena, akauliza habari za Dar es Salaam na joto lake. Kisha akasema, "Sasa mjukuu wangu, umekuja au umepita?" Nikamjibu nimekuja. Akavitazama viatu vyangu, akacheka kidogo. "Haya, tutaonana kwenye palizi."

Palizi haikunikuta. Nilikuwa nimerudi Njombe kwa sababu kodi ya chumba Mbagala ilinishinda, wala sikuwa na jambo la kufanya kijijini zaidi ya kula ugali wa mama. Mahindi hayajafika magotini, nikakopa nauli kwa shemeji, nikapanda basi, nikarudi kumenya viazi kwenye kibanda cha chipsi cha mtu. Mara ya pili nilirudi miaka minne baadaye. Safari hiyo kibanda kilikuwa changu, nilikiacha kikifanya kazi mikononi mwa mdogo wangu, na mfukoni nilikuwa na nauli ya kurudia Dar ambayo niliapa sitaigusa. Hiyo ya pili ndiyo iliyoshika.

Kwa hiyo kijana anaponiuliza, "Kaka, nirudi nyumbani nikalime?", namuuliza kwanza kama ana nauli ya kuondokea mambo yakikataa. Kama hana, namwambia abaki kwanza, atafute. Wengine hukasirika. Walitegemea niwasifie hewa safi na mboga za bure. Lakini anayerudi akiwa hana pa kurudi, kijiji kinamjua siku hiyohiyo. Ndugu watampa kile kipande cha shamba ambacho kila mtu amekikataa, mwenye fedha atamkopesha kwa masharti ya mazao, na siku ya kuvuna atauza kwa bei yoyote kwa sababu ana njaa. Mtu mwenye nauli mfukoni anaweza kusema, "Hapana, kwa bei hiyo siuzi." Neno hilo moja lina thamani kuliko ekari mbili.

Kuambiwa turudi mashambani si jambo jipya. Mwaka 1983 ilipitishwa Sheria ya Nguvu Kazi, na watu waliokamatwa Dar es Salaam wakiwa hawana kazi inayotambulika walipakiwa kwenye malori wakapelekwa vijijini. Wazee wa mjini bado wanaisimulia kwa kicheko, maana wengi wa waliopelekwa hawakukaa. Mwaka 2009 ikaja Kilimo Kwanza. Miaka ya karibuni umekuja mpango wa Jenga Kesho Iliyo Bora, unaojulikana zaidi kwa herufi za jina lake la Kiingereza, BBT, na mashamba yake ya vijana kule Dodoma. Katikati ya yote hayo watu waliendelea kuhamia mjini: sensa ya 2012 ilikuta asilimia 29.6 ya Watanzania wakiishi mijini, ya 2022 ikakuta asilimia 34.9, na mkoa wa Dar es Salaam peke yake ulitoka watu milioni 4.4 ukafika milioni 5.4. Sisemi kaulimbiu hizo hazikuwa na maana. Ninachosema ni kwamba zote zilimwambia kijana aende wapi, na hazikumwambia mwezi wa pili atakula nini.

Mwezi wa pili nautaja kwa makusudi. Kwetu Nyanda za Juu Kusini mvua ni ya msimu mmoja, huanza Novemba ikaishia Aprili au Mei. Ikifika Februari ghala la mwaka jana linaonyesha sakafu na mahindi mapya bado yana ndevu tu. Watoto wamefungua shule mwezi uliopita, sare na madaftari vimekula kilichokuwepo. Mbolea ya kukuzia inatakiwa sasa hivi, si wiki ijayo. Barabara ni tope, gari la kuja kununua chochote halipandi mlima. Kila mtu kijijini hana fedha kwa wakati mmoja, kwa hiyo hata wa kumkopa hayupo. Wengi wanaorudi mjini wakisema jembe limewashinda, ukiwauliza vizuri, walishindwa na Februari.

Ndiyo maana nasema ukitaka kukijua kijiji chako, usikikague wakati wa Krismasi. Desemba kila mtu yuko nyumbani, ng'ombe amechinjwa, ulanzi, pombe yetu ya mianzi, umeanza kutoka, na binamu zako wote wanakupigia hesabu za mamilioni. Omba likizo mwezi wa pili. Kaa wiki mbili. Lala kwa mama, amka naye, mfuate shambani, angalia anachonunua dukani na anachokopa. Andika kila shilingi inayotoka ndani ya nyumba. Utashangaa. Kijijini hakuna kodi ya nyumba, ni kweli, lakini kuna sukari, sabuni, bando, dawa, nauli ya bodaboda kwenda kwenye lami, mchango wa darasa, na misiba. Chukua jumla ya mwezi huo, zidisha kwa 12. Hiyo ndiyo akiba ya kukuvusha mwaka wa kwanza, na usiichanganye na fedha ya mtaji. Mtaji ukiingia ardhini hutautoa mpaka mavuno, hata mtoto akiugua.

Najua kuna atakayesema, "Kama ningekuwa na akiba ya mwaka mzima, ningerudi kijijini kufanya nini?" Hapo ndipo tunapokosana. Bado tunakiona kijiji kama pa kuangukia, mahali pa mtu aliyefulia. Mimi nakiona kama biashara nyingine yoyote: ukiifungua siku uliyofilisika, itafilisika na wewe.

Kuna kitu kingine cha kurudi nacho ambacho hakihitaji akiba, nacho ni wateja. Miaka yangu yote ya Mbagala nilimenya viazi vya Njombe bila kuwaza kwamba vimelimwa mwendo wa baiskeli kutoka kwa mama yangu. Nilijua bei ya gunia Dar es Salaam kila wiki, nilijua mwezi gani viazi huadimika, nilijua kiazi kinachokunywa mafuta na kile kinachotoka kikavu. Nilidhani huo ni ujuzi wa kijiweni tu. Niliporudi mara ya pili ndipo nikagundua kwamba kijiji kizima kilikuwa na viazi na hakuna hata mmoja aliyekuwa na namba ya simu ya mkaanga chipsi. Mimi nilikuwa nazo kumi na moja.

Wewe unaweza kuwa na kitu chako. Dada aliyeshona nguo Kariakoo anajua kitambaa kinapouzwa kwa jora. Kijana aliyekaa gereji Ilala anajua sauti ya injini inayokaribia kufa. Muuza duka anajua kwamba mteja akikosa chenji mara mbili haji mara ya tatu. Usiviache vitu hivi stendi. Jiulize kabla hujafunga begi: nani mjini anaweza kununua kinachotoka kwetu, na nini ninachokijua ambacho kwetu hakipo? Ukikosa jibu la maswali yote mawili, ongeza mwaka mmoja mjini ukiwa na macho ya kutafuta jibu. Mjini ni shule, ndivyo tunavyosema, na anayeacha shule bila kusoma asiilaumu shule.

Sasa fedha ya kila wiki. Shamba hulipa mara moja au mbili kwa mwaka, na tumbo hudai mara tatu kwa siku. Wale niliowaona wakidumu karibu wote wana kitu kidogo kinachoingiza fedha ndogo bila kungoja mvua. Mimi mwenyewe hukaanga chipsi siku ya gulio makao makuu ya kata, na wateja wangu ni walimu, muuguzi wa zahanati, na vijana wa bodaboda. Jirani yangu mmoja ni wakala wa fedha za simu na hapohapo anachaji simu na kutoa kopi za vyeti. Mwingine anachomelea mageti na kutengeneza majembe ya kukokotwa na ng'ombe. Umeme ndio uliobadilisha mambo. Vijijini gharama ya kuunganishwa ilishushwa hadi shilingi 27,000 chini ya miradi ya REA, na mahali ambapo zamani mtu angefungua duka la sabuni na kiberiti tu, leo anaweza kuweka mashine ya kunyolea, friji, au mashine ya kusaga. Ukipata nafasi ya kusoma ufundi VETA kabla ya kurudi, soma. Fundi wa kijijini hangoji bei ya mahindi ipande ndipo ale.

Angalizo tu: usiuze kitu ambacho watu watatu wanakiuza tayari. Kijiji hakina nafasi ya genge la nne. Na ukifungua, fungua kweli. Ukiandika saa moja asubuhi, saa moja wakukute. Hiyo nidhamu ya kibanda cha mjini watu wa kwetu wanaipenda kuliko unavyofikiri, hata kama watakutania kwamba una haraka kama basi.

Tuje kwenye ardhi, maana hapa ndipo undugu hupasuka. Kijana anafika, baba mdogo anamwambia, "Lima tu hapo mwanangu, shamba ni letu sote." Analima. Mwaka wa tatu ametoa visiki, amepanda miti, udongo umenawiri. Ghafla binamu anakumbuka kwamba eneo lile marehemu bibi alimpa baba yake. Hakuna aliyedanganya, kila mmoja anakumbuka mazungumzo tofauti. Kwa hiyo, kabla hujatoa kisiki hata kimoja, omba kikao cha ukoo. Peleka soda, au ulanzi kama ndio utaratibu. Pitieni mipaka kwa miguu, wote, majirani wa pande nne wakiwepo, mpande miti ya mpaka au muweke mawe. Kisha mwandikishane na mtendaji wa kijiji ashuhudie.

Sheria ipo upande wako ukiitumia. Sheria ya Ardhi ya Vijiji Namba 5 ya mwaka 1999 inaipa halmashauri ya kijiji mamlaka ya kutoa hati ya hakimiliki ya kimila, na hati hiyo husajiliwa. Si kila kijiji kimeshapimwa na kuwa na mpango wa matumizi ya ardhi, kwa hiyo ulizia kwenu mmefika wapi. Sheria hiyohiyo inamtambua mwanamke kuwa na haki ya kupata na kumiliki ardhi sawa na mwanaume. Nasisitiza kwa dada zangu kwa sababu najua ukoo utakavyosema: kwamba utaolewa, utahamisha shamba. Usibishane nao kwa nguvu, lakini usikubali kulima miaka mitano kwa ahadi. Ukiweza kununua kipande kidogo kwa jina lako, mbele ya halmashauri ya kijiji, nunua hicho kuliko kungojea urithi wa ekari kumi zenye wajomba saba.

Na kama huna hakika, kodi. Hakuna aibu kukodi ekari moja kwa msimu kwenye kijiji ulichozaliwa. Unalipa, mnaandikiana, msimu ukiisha unajua kama kazi unaiweza. Mimi nilikodi misimu miwili wakati mashamba ya baba yapo. Watu walicheka. Lakini nilipoanza kulima ya nyumbani nilikuwa nimeshafanya makosa yangu kwenye udongo wa mtu mwingine.

Kuhusu zao la kulima sina mengi, maana kila ardhi na lake, na afisa ugani wa kata yako anaijua kuliko mimi. Nina onyo moja tu, nalo ni juu ya kilimo cha kwenye simu. Umeona zile hesabu: ekari moja, miche kadhaa, kila mche kilo kadhaa, kila kilo bei fulani, mwisho wa jedwali kuna mamilioni na picha ya gari. Hesabu ya kuzidisha haina wadudu. Mnakumbuka kware? Karibu mwaka 2014 mayai yake yalisifiwa kutibu kila kitu, watu Kenya na hapa kwetu wakajenga mabanda, na waliopata fedha ya kweli ni wale waliouza vifaranga kwa wenzao. Mbaazi ilikuwa zao la maana zaidi, lenye soko halisi, lakini soko hilo kwa sehemu kubwa lilikuwa nchi moja. India ilipoweka ukomo wa kuingiza mbaazi mwaka 2017, wakulima wa Lindi, Mtwara na Manyara walibaki na magunia ndani na bei chini. Hawakukosea kulima. Walikosa mnunuzi wa pili.

Parachichi ndiyo wimbo wa sasa kwetu Njombe, na kusema kweli ninayo. Ukipanda kwa nafasi ya mita saba kwa saba, ekari moja inachukua miche kama themanini. Lakini aina ya Hass iliyobebeshwa inataka miaka mitatu hadi minne ndipo uanze kuona matunda ya kuuza. Kijana anayerudi akaweka mtaji wake wote kwenye miche themanini amejiandikia kifungo cha njaa cha miaka mitatu. Panda ishirini. Katikati yake weka maharage. Mwaka unaofuata ongeza ishirini kwa fedha ya maharage na chipsi. Utachelewa kuwa tajiri, ila utakuwepo siku matunda yanachumwa.

Mbolea ya ruzuku, iliyoanza msimu wa 2022/23, hupati kama hujasajiliwa kwenye daftari la wakulima, kwa hiyo nenda ofisi ya kijiji mapema, usingoje foleni ya Novemba. Na mikopo ya halmashauri ipo, ile ya asilimia 10 ya mapato ya ndani: nne za wanawake, nne za vijana, mbili za watu wenye ulemavu, na haina riba. Ilisitishwa 2023, ikarejeshwa 2024. Kwa kawaida hutolewa kwa vikundi, na hapo ndipo penye kisu. Mwenzako akikimbilia Tunduma na fungu lake, deni linabaki na ninyi. Usikope kabla hujavuna mara moja kwa fedha yako, wala usiingie kwenye kikundi cha watu ambao hujawaona wakilima.

Sasa nikueleze siku ya kuuza, kwa kuwa ndiyo siku inayomtoa mtu machozi kuliko palizi.

Mnunuzi anakuja na Fuso na vijana wake wanne. Ni watu wachangamfu, wanakusaidia hata kuokota viazi. Gunia linajazwa, linatikiswa mara tatu, kijana mmoja analipiga goti ubavuni viazi vishuke, linajazwa tena. Likifika mdomoni hawalishoni. Wanatoa kamba ya katani, wanaisuka kuzunguka mdomo kama kikapu, na juu yake wanaendelea kupanga viazi kimoja kimoja, vile vikubwa pembeni, mpaka gunia linakuwa na kichwa. Hiyo ndiyo lumbesa. Bei mliyokubaliana ni ya gunia, na gunia ni hilo. Mara ya kwanza nilikaa kimya kwa sababu kila mtu alikaa kimya. Mara ya pili niliazima mizani ya kuning'iniza, tukalinyanyua moja watu watatu kwenye tawi la mti. Mshale ukasimama kwenye kilo 140. Sheria ya vipimo inataka gunia la mazao lisizidi kilo 100. Kilo arobaini nilikuwa nazitoa sadaka kwa kila gunia, na Mbagala nilipokuwa mkaanga chipsi nilikuwa nafurahia hizohizo kilo bila kuuliza zimetoka jasho la nani.

Kugombana peke yako hakusaidii. Fuso litaenda kwa jirani. Kilichotusaidia ni kwamba tulikuwa watano, tukapatana kwamba hakuna atakayeuza bila mizani, na tulikuwa na zile namba kumi na moja. Tulichangia nafasi kwenye lori moja, tukapeleka magunia ya kilo 100 yaliyoshonwa bapa. Wakaanga chipsi walilalamika kwanza kwamba magunia ni madogo. Tukawapunguzia bei, tukawaonyesha kwamba kwa kilo wanalipa vilevile na hawabahatishi. Saba wakabaki, wanne wakaondoka.

Wala usidhani ilinyooka hivyo. Mzigo wa pili tulivuna mvua ikinyesha kwa sababu lori lilikuwa limeshalipiwa. Viazi vikaingia kwenye gunia na tope, vikasafiri kilomita zipatazo 700, na vilipofunguliwa Mbagala harufu ilifika barabarani kabla ya mteja. Nililipa nusu ya hasara ile kwa fedha ya nauli niliyoapa sitaigusa. Siku hizi tunakata majani wiki mbili kabla ya kuvuna ngozi ya kiazi ikaze, na mvua ikinyesha lori linasubiri, hata kama dereva anatukana. Kama unakotoka kuna chama cha ushirika (AMCOS) kinachofanya kazi kweli au ghala lenye mfumo wa stakabadhi, uliza wanachama wa zamani, si viongozi, malipo huchukua siku ngapi. Jibu lao ndilo litakalokuambia ujiunge au usijiunge.

Kuishi na watu ni somo refu na sitalimaliza. Mwaka wa kwanza usigombee uongozi. Usianzishe kila sentensi kwa "kule Dar". Misiba nenda, hata ya watu usiowajua vizuri, na usiende kutoa rambirambi ukaondoka. Shika koleo, kata kuni, lala kwenye turubai usiku mmoja. Nilikuwa nakaa pembeni nikichezea simu, nikashangaa kwa nini kila ninapohitaji vibarua hawapatikani. Aliyenifungua macho ni mama. Alisema, "Watu hawaijui mikono yako."

Na ninyi wazazi, ambao gazeti hili mnalisoma kuliko watoto wenu, mnisikilize kidogo. Kijana akirudi, maneno "tulikusomesha ili uje kushika jembe?" yanamfukuza haraka kuliko ukame. Kama mna ardhi na mnataka arudi, mkatieni kipande mkiwa hai na mwandike. Kisha mwacheni akosee. Baba anayemwita mwanawe mkulima, halafu anaamua yeye mbegu, yeye siku ya kupanda na yeye bei ya kuuzia, hana mwana shambani, ana kibarua asiyelipwa. Kibarua huyo akipata nauli, mtamwona kwenye picha tu.

Juzi kijana mmoja aliyesoma hesabu za viazi nilizowahi kuandika alikuja kutoka Dar na mkewe, mwezi wa pili kama nilivyomwagiza. Alikuwa na daftari. Aliniuliza bei ya mbegu, idadi ya magunia kwa ekari, umbali wa lami, mtandao gani unashika. Nilijibu yote, nikajiona mwalimu. Mkewe alikaa kimya muda wote, viatu vyake vizuri vimejaa tope, mtoto mgongoni. Tulipomaliza akaniuliza kwa upole, "Samahani shemeji. Maji yanachotwa wapi, na ni nani atakayeyachota?" Mumewe akageuka kumtazama. Swali hilo halikuwa kwenye daftari lake. Halikuwa hata kwenye langu, na nimekaa huku miaka yote hii nikioga maji ya moto kila asubuhi. Nikawaambia tusimame, twende kisimani, na nikampa yeye ndoo aibebe, siyo mkewe.